Nafasi ya Yaya kwenye Benchi

Nilirudi kwetu Masisi kwa sababu ya wivu. Niseme hivyo mapema, maana wenzangu wa shule hapa Lubumbashi wanadhani nilienda kwa mapendo ya mama. Mapendo yalikuwepo, ndiyo, lakini kwa miaka kumi na moja hayakuninunulia tiketi ya ndege. Wivu uliinunua kwa wiki moja.

Mwalimu wetu wa darasa la tano alikuwa amerudi kutoka Zanzibar na albamu nzito. Huko aliajiri mpiga picha kwa siku nzima, amfuate yeye mwenyewe katika vichochoro vya mji wa kale: huyu mama ameegemea mlango wa kuchongwa, huyu mama anacheka peke yake, huyu mama anashuka ngazi utafikiri ni bibi harusi. Tulipitishiana albamu ile katika chumba cha walimu, kila mtu akisema aa, aa! Mimi, kwa kuwa ni direktrise, mkuu wa shule, nilijikaza nisiseme neno. Ndipo akaniuliza, "Na weye, Direktrise, kule kwenu Masisi kuko nini ya kupiga foto?" Nikamwambia, "Utaona."

Kulikuwa na jambo jingine, nalo lilikuwa la maana zaidi, ila nililiweka nyuma. Katika nyumba yangu hakuna hata picha moja ya mama. Zote zilipotea katika kukimbia vita, mara ya kwanza na mara ya pili. Nilipompigia simu kumwambia nakuja na fotografe, alisema, "Kama unakuja na fotografe, umufikishe mpaka Itebero kwa yaya. Utupige sisi wawili." Yaya ni dada yake mkubwa, mama mkubwa Raheli, aliyeolewa kule Walikale, ndani ya msitu. Walikuwa hawajaonana tangu mazishi ya koko, mama yao, zaidi ya miaka ishirini. Mama ana goti bovu, mama mkubwa aliishi mahali ambapo simu ilishika ukipanda mlima. Nikasema sawa, tutafika. Moyoni nilihesabu ile njia nikaguna.

Goma, siku ya kwanza. Mpiga picha wangu aliitwa Bahati, mwanaume wa makamo, mtaratibu, mwenye mizaha ya chini chini. Kamera yake aliifunga ndani ya blanketi la mtoto mchanga kwa sababu ya vumbi jeusi la volkano, akaibeba kifuani hata alipokuwa anakunywa chai. Aliniuliza, "Foto iko za nani, Mama?" Nikamjibu, "Zangu. Na za mama yangu. Na za mama mukubwa." Leo nikikumbuka jibu lile naona nilijitaja wa kwanza, na kweli ndivyo kazi ilivyokwenda.

Kesho yake asubuhi tukatoka. Mubambiro tulipita polepole, wanajeshi wamejaa barabarani na wake zao wamepanga nyanya mbele ya kambi. Bahati akaificha kamera chini ya koti. Mtu hapigi picha pale. Sake tukapanda pikipiki mbili, tukaanza kupanda kuelekea Mushaki. Jamani, nilikuwa nimesahau ile baridi! Nilikuwa nimesahau pia ule ujani: vilima vimefuatana mpaka macho yanachoka, ng'ombe wamesimama juu kwenye mteremko ambao mtu angeshika majani asianguke. Bahati alipiga kelele kutoka pikipiki ya nyuma, "Direktrise! Hata fotografe mubaya hawezi kuharibu hapa!" Nikacheka. Nilikuwa na furaha ya mtoto, siwezi kukataa.

Karuba, kijijini kwetu, tulifika saa tisa. Mama alikuwa amesimama kwenye njia na fimbo yake, mdogo kuliko nilivyomwacha. Tulilia kidogo, tukacheka, akanishika mashavu akasema nimenona. Bahati akapewa fromaji, jibini ya kwetu, na viazi, akala mpaka mama akampenda. Ndugu yangu Inosa, ambaye anakaa na mama na kulima mashamba yake, alikuwa ameteremka Sake kuuza maharagi. Nalitaja hili kwa sababu angekuwepo angenieleza, maana yeye aliyajua mambo ya mama.

Asubuhi yake, kabla jua halijakausha umande, nilimkuta mama nje. Ameoga, amevaa kitenge chake cha kanisani, ametoa benchi la sebuleni ameliweka mbele ya ukuta. Akaniita.

"Huyu muntu wa foto, anajua kuunganisha?"

"Mama, huyu ametoka Goma. Anajua yote."

"Basi ni muzuri. Ukifika kwa yaya umuambie hivi: Esteri amekaa vile tulikaa. Ataelewa."

"Sawa, mama, nitamuambia."

Sikuuliza kuunganisha nini. Sikuuliza walikaa vipi, na wapi, na lini. Macho yangu yalikuwa kwenye jua. Bahati alikuwa amesema mwanga wa asubuhi hausubiri mtu, nami nilikuwa na nguo tatu kwenye sanduku: gauni jekundu, kitenge cha kushonwa kwa mtindo, na koti jeupe. Nikamwambia mama, "Tunaenda malishoni kidogo tu, tunarudi kukupiga." Akasema, "Nakungojea hapa."

Kidogo gani? Mbele ya Mushaki tulipiga picha mpaka mchana. Nikavaa jekundu nikatembea kwenye majani, nikavaa kitenge nikaegemea uzio wa miti. Ng'ombe mmoja alianza kutafuna utepe wa kofia yangu, nikapiga yowe, wachungaji wakaanguka kwa kicheko. Tukala kwao maziwa ya kuganda. Nikasema, Bahati, hebu ile ya koti jeupe, na bonde nyuma. Bahati aliniuliza mara mbili, "Na mama?" Mara mbili nikamjibu, "Mama yuko nyumbani, haendi popote."

Saa kumi tulirudi Karuba. Mama alikuwa bado kwenye benchi. Mke wa Inosa aliniambia kwa sauti ndogo, "Amekataa kula. Anasema atachafua kitenge." Mawingu yalikuwa yameshaziba upande wa Ngungu, na Bahati akaanza kufungua kamera mbiombio. Niliona aibu, na mimi nikiona aibu ninakuwa mkali, hilo wanafunzi wangu wote wanalijua.

Mama alijisogeza mwenyewe. Akakaa pembeni kabisa mwa benchi, upande wa kushoto kwake, nusu nzima ya ubao akaiacha tupu. Mkono wake wa kulia akauweka juu ya ule ubao mtupu, kiganja kikiangalia juu. Akainua kichwa, akatulia.

Bahati akanigeukia. "Direktrise, mama amekaa pembeni. Nimuache vile?"

"Pembeni kwa nini? Muntu anapigwa foto katikati!"

Hapa ni lazima niwaambie kazi yangu. Kila mwaka, siku ya picha za darasa, mimi ndiye ninayewapanga watoto. Wafupi mbele, warefu nyuma, mikono kwenye magoti, tazama kamera. Nimefanya hivyo miaka kumi na sita, na vidole vyangu vinajua kazi hiyo kuliko kichwa. Nikamshika mama mabega nikamsogeza katikati. Nikauchukua ule mkono nikaukunja, nikauweka kwenye goti, na wa pili juu ya goti la pili.

"Lakini fasi ya..." mama akasema.

"Mama, mvua inakuja. Angalia kaka Bahati. Cheka kidogo."

Hakucheka. Bahati akapiga saba, tone la kwanza likaanguka, tukaingiza benchi ndani. Mama akabadilisha nguo, akala ugali wake. Nilimwonyesha picha kwenye kioo kidogo cha kamera. Akaangalia ya kwanza tu, akasema, "Ni muzuri." Kisha akaenda kulala. Nilidhani ni uchovu wa uzee.

Asubuhi tulipoondoka alinipa mfuko wa maharagi. "Umupe yaya." Ule ujumbe hakuurudia. Mimi nikafikiri ameusahau, nikajisifu moyoni kwamba mimi ninaukumbuka.

Sake, Minova, Bukavu: siku moja na nusu kando ya ziwa, vumbi mpaka kwenye meno. Kutoka Bukavu tukapata gari la mizigo mpaka Hombo, tumekaa juu ya magunia ya chumvi. Baada ya Hombo dunia inabadilika. Vilima vya wazi vya kwetu vimekwisha, miti imekukalia juu, barabara ni tope jekundu ambalo pikipiki inaogelea ndani yake. Tulianguka mara tatu. Mara ya tatu Bahati alianguka chali, blanketi na kamera kifuani, akabaki amelala vile vile kwenye tope akisema, "Mutoto iko muzima." Tukacheka wote, na dereva. Ilikuwa mara ya mwisho tuliyocheka pamoja katika safari ile.

Itebero tulifika siku ya tatu, na kutoka barabarani tulitembea kwa miguu saa moja na zaidi, katikati ya mihogo na migomba. Mama mkubwa Raheli alikuwa anamenya mihogo mbele ya nyumba. Nilimjua kwa kidevu: kidevu cha mama, kimewekwa kwenye mwili mrefu. Alinijua kabla sijasema.

"Mutoto wa Esteri! Yesu wangu! Mutoto wa Esteri!"

Akanikumbatia na kisu mkononi, mpaka mjukuu wake akakimbia kukichukua. Nikampa maharagi. Akayafungua, akachota konzi moja, akayanusa. "Haya iko ya shamba ya chini, kwenye mutoni," alisema, na mimi sijui mpaka leo alijuaje. Halafu nikamletea ujumbe, kwa sauti ya kujivuna kidogo, kama mwanafunzi aliyehifadhi shairi:

"Mama alisema nikuambie hivi: Esteri amekaa vile tulikaa."

Mama mkubwa akapiga makofi. Akapiga vigelegele, mwanamke wa miaka sabini na kitu, peke yake katikati ya uwanja, mpaka majirani wakatoka kuuliza nani ameolewa. Akaingia ndani, akatoka amevaa blauzi safi. Wajukuu wakatoa benchi. Akakaa pembeni kabisa, upande wa kulia kwake. Nusu ya ubao ikabaki tupu. Kisha akaunyoosha mkono wake wa kushoto, akaulaza juu ya ule utupu, kiganja kikiangalia juu.

Bahati hakuinua kamera. Aliniangalia mimi.

"Mama mukubwa," nilimwuliza, "kwa nini unakaa pembeni?"

"Heh! Na mama yako hakukuambia? Hii iko fasi yake. Zamani, mbele ya kuolewa, kulikuja fotografe mumoja kwa misheni, akatupiga sisi wawili kwenye benchi, tumeshikana mukono. Mimi upande huu, ye upande ule. Ile foto iliungua na nyumba. Sasa, watu walipotawanyika juu ya vita, tuliona vile wanafanya: mwenye kubakia anakaa nusu ya benchi, mwenye kukimbia anakaa nusu ya benchi kule alifika, wapiga foto wanakata na makasi na kuunganisha. Jirani yangu hapa iko nayo, na mutoto wake wa Kisangani. Njo maana nilimutumia Esteri neno: siku mutoto wako ataleta fotografe, tukae vile." Akanitazama usoni na yale macho ya mama. "Naye mukono aliutoa?"

Ningeweza kusema kweli. Ningesema, mama mukubwa, aliutoa, mimi nikaurudisha. Angenigombeza, angecheka pengine, tungepanga namna nyingine. Lakini alikuwa amevaa ile blauzi, majirani wamesimama, na mimi ni mtu asiyezoea kukosea mbele ya watu.

"Ndiyo, mama mukubwa. Aliutoa."

"Basi pigeni," akasema, na akacheka. Akacheka kwa meno yote yaliyobaki. Bahati akapiga. Alipiga nyingi, polepole, na kila mara alisogea kidogo kando ili ule mkono uonekane vizuri. Tulilala pale, tukala mihogo na samaki, na mama mkubwa alisimulia mpaka usingizi ukamchukua akiwa amekaa.

Njiani kurudi barabarani, Bahati alitembea mbele yangu nusu saa nzima bila mzaha wowote. Mwishowe nikashindwa kuvumilia. "Si unaweza kurekebisha na ordinatere, ile kompyuta yako?"

"Kumusogeza mama pembeni, naweza. Kazi ya saa moja tu. Lakini mukono iko kwenye goti, Direktrise."

"Utafute mukono ya muntu mwingine, uweke."

Akasimama, akageuka. "Mama yako hajui mukono wake?"

Nikamwambia basi turudi Karuba, tumpige tena, nitalipa siku zote zitakazoongezeka. Akakubali mara moja. Kutoka Itebero mpaka Sake sikufikiri jambo lingine: namna nitakavyofika, nitakavyopiga magoti mbele ya mama, nitakavyolitoa benchi kwa mikono yangu mwenyewe.

Sake tulikuta watu wamejaa barabarani na magodoro kichwani. Njia ya Mushaki imefungwa tangu jana yake, huko juu wanapigana. Inosa alishika simu mara moja tu: wako wazima, wamehama na mama mpaka kwa shemeji upande wa pili wa mlima, tusijaribu. Tulingoja Goma siku mbili. Siku ya tatu ndege yangu iliondoka na mimi ndani yake, maana shule ilikuwa inafunguliwa. Bahati alinisindikiza. "Njia ikifunguka nitapanda mwenyewe," alisema. Nilimpa mkono, na nikaona haya kuushika mkono wake muda mrefu.

Lubumbashi, chumba cha walimu. Picha zangu za malishoni zilifika kwa simu kabla ya zile nyingine. Nyekundu, kitenge, koti jeupe. Wenzangu walisema aa, aa, na mwalimu wa darasa la tano akakiri kwamba Masisi inaishinda Zanzibar. Nilikuwa nimeyangojea maneno hayo tangu mwaka uliopita, na yalipokuja niliomba ruhusa nikaenda kukaa ofisini.

Mvua zilipokolea, mama mkubwa Raheli alifariki. Homa, siku nne. Habari zilimfikia mama kwanza, kisha mimi.

Njia ya Mushaki ilifunguka baada ya mazishi, mama akarudi nyumbani. Bahati alitimiza neno lake: alipanda Karuba na picha iliyounganishwa, ameitia kioo, ameifunga ndani ya lile blanketi. Alipanda na kamera pia. Alimwambia mama, "Mama, tukae tena leo, utoe mukono, nitaiunganisha upya." Mama alikataa. Bahati alinitumia ujumbe wa sauti: "Direktrise, amesema alitaka washikane wote wakiwa wazima. Amesema saa hii itakuwa uongo."

Siku ya picha za darasa ilipofika mwaka huu, niliwaacha watoto wakae. Aliyekaa upande nilimwuliza kwa nini kabla ya kumgusa, na wengi walikuwa na sababu. Nilirudi nyumbani nikiwa na amani kidogo, nikijiambia kwamba angalau nimejifunza kuuliza. Jioni ile mama akapiga simu. Tuliongea habari za goti, za maharagi, za mtoto wa Inosa. Halafu akaniambia picha ameiweka mezani, anaiangalia wakati tunaongea.

"Yaya ameutoa mukono," alisema. "Na mimi nimekaa na yangu kwenye magoti. Muntu akiangalia atasema nilimunyima."

"Mama, ni mimi. Unisamehe."

"Alikuuliza juu ya mukono wangu?"

"Aliuliza."

"Ukamujibu nini?"

Nilitaka kukata simu, Mungu ananiona. "Nilimuambia uliutoa."

Nilisikia kuku wa kwetu, na mtu akipasua kuni.

"Ulifanya muzuri juu yake," alisema mama. "Ye ameenda anajua nimemushika. Ni mimi njo nabakia kuangalia foto."